Mjumbe Hauawi? Maajenti wa Malimwengu na Mji Unaofutwa Kumbukumbu

Ndugu msomaji, lipo jambo linalonikera katika hadithi tunazoandikiana siku hizi, na nitalisema hapa ukurasani ili tusije tukasemana vijiweni. Vijana wenzangu wa Babati, pamoja na wale wanaotuletea miswada kutoka Magugu, Katesh na Mbulu, wameambukizana maajenti wa siri. Siyo mashushushu wa kawaida tuliowazoea. Hawa wanatoka dunia nyingine. Wanapasua hewa kama mtu anavyopasua mfuko wa rambo, wanaingia dunia hii, wanatokea ile. Wanatua juu ya Mlima Kwaraa saa nane usiku, wanatwangana na maadui zao mpaka majabali yanayeyuka, wanaokoa malimwengu yote kwa mpigo, halafu kabla jogoo hajawika mmoja wao anabonyeza kitufe na mji mzima unasahau ulichokiona. Asubuhi watu wanaamka, wanakunywa chai, wanakwenda stendi. Hadithi imekwisha.

Mimi nasema hapo ndipo hadithi ilipopaswa kuanza.

Kabla hamjanirukia, niseme wazi kwamba sina ugomvi na dunia nyingi. Wala sina ugomvi na filamu, maana siyo siri kwamba huko ndiko tulikozitoa. Mwaka 2021 tamthilia ya Loki ilituonyesha ofisi nzima ya makarani na askari wanaolinda mkondo mmoja wa wakati na kuifyeka mingine yote. Mwaka 2022 ikaja Everything Everywhere All at Once, na mwaka uliofuata ikabeba Oscar ya filamu bora. Hebu tujiulize, mhusika mkuu wa filamu hiyo ni nani? Ni mama wa makamo mwenye biashara ya kufua nguo, anayekwenda ofisi ya kodi na mfuko wa risiti. Njiani mumewe anabadilika ghafla na kumwambia kwamba yeye si yule mume aliyemzoea, ametoka ulimwengu mwingine na ana kazi naye. Yaani habari kubwa ya malimwengu inamwangukia mtu mwenye madeni. Vijana wetu waliiangalia filamu hiyo wakaiga nini? Wakaiga kupigana. Yule mama na risiti zake wakamwacha kwenye foleni.

Isitoshe, Kiswahili hakikusubiri sinema. Neno malimwengu tunalo siku nyingi, na tunalitumia kwa vituko na mitihani ya dunia. Bibi akishusha pumzi na kusema, "Malimwengu hayo, mwanangu," hazungumzii sayari. Anazungumzia ndoa iliyovunjika au shamba lililouzwa kwa siri. Kwake yeye wingi wa ulimwengu umo humu humu tunamoishi. Na neno ajenti nalo lina kazi yake tayari. Nenda stendi ya Babati useme unamtafuta ajenti, utaulizwa wa basi gani. Simcheki mtu hapa. Nasema tu kwamba mwandishi anayeleta ajenti wa malimwengu Babati anakuta neno limeshakaliwa, na angekuwa mjanja angelifaidi hilo.

Ujasusi vilevile si mgeni kwetu. Kizazi cha wazazi wetu kilivimeza vitabu vya Elvis Musiba na Ben Mtobwa kwa zamu, kitabu kimoja watu kumi, mpaka jalada linatoka. Willy Gamba wa Musiba, tangu Kufa na Kupona (1974), alikuwa na hayo yote mnayoyapenda: bastola, warembo, safari za ghafla. Lakini msomaji alijua katumwa na nani na kwa ajili gani. Kusini mwa Afrika kulikuwa bado hakujakombolewa, na nyuma ya wabaya wake walikuwapo makaburu. Uondoe ukombozi, Willy Gamba anabaki suti tupu. Sasa hawa wenu wametumwa na nani? Mwandishi mmoja nilipomuuliza alinijibu, "Na Baraza Kuu." Baraza Kuu la nani? "La malimwengu." Wajumbe wa baraza hilo wamechaguliwa na nani? Akacheka, akaniambia, "Kaka, wewe nawe unahoji sana."

Ndiyo, nahoji. Na nahoji kwa sababu swali hilo ndilo walilolibeba wakubwa waliotutangulia.

Tuanze na Shaaban Robert. Kusadikika (1951) tumekisoma shuleni kwa ajili ya mtihani, tukakariri fani na maudhui, tukakitupa. Kirudieni sasa kwa jicho la mtu anayependa malimwengu. Kusadikika ni nchi inayoelea hewani. Karama ameshtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Anapopewa nafasi ya kujitetea haombi huruma. Anawasimulia wakuu habari za wajumbe sita: Buruhani, Fadhili, Kabuli, Auni, Ridhaa na Amini. Wajumbe hao walipelekwa nje ya nchi, kila mmoja upande wake, hata mbinguni na ardhini, wakaone wengine wanaishije na warudi na dawa ya matatizo ya Kusadikika. Walikwenda. Walirudi na mambo mema. Na waliporudi, malipo yao yakawa gereza.

Wahenga wanasema mjumbe hauawi. Kusadikika inakwenda kinyume na methali hiyo mara sita mfululizo. Kwa nini? Maana mjumbe aliyerudi ameshaona kwamba mambo yanaweza kuwa vingine. Mtawala anayetaka watu waamini kwamba dunia ni hii tu, na haiwezi kuwa nyingine, hawezi kumwacha mtu huyo atembee mtaani. Shaaban Robert alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni, na Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Nchi ya hewani ilimpa pahali pa kusimama ili aseme ya ardhini.

Lakini angalieni jambo moja ambalo walimu wetu hawakulikazia. Shujaa wa kitabu si mjumbe yeyote kati ya wale sita. Shujaa ni Karama, ambaye tunamwona amesimama pale pale barazani kuanzia mwanzo wa kesi mpaka mwisho. Safari za malimwengu ni za wengine. Yake ni kuzijua, kuzikumbuka, na kuzisema mbele ya watu ambao wangependa zisahauliwe. Mwishoni anaachiwa, na wale wafungwa nao wanafunguliwa. Kilichowafungua ni kumbukumbu ya mtu mmoja.

Sasa njooni kwa Ebrahim Hussein. Kinjeketile (1969) inahusu Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907, ingawa mwandishi mwenyewe anatutahadharisha kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni. Mtu anaingia mtoni, anakaa huko chini muda ambao binadamu hawezi kukaa, anatoka hai. Ametoka na ujumbe wa Hongo: maji yatawaunganisha watu na kuwashinda Wajerumani. Hadi hapo ni hadithi ya mjumbe wa ulimwengu mwingine kama zenu. Kisha Hussein anafanya jambo ambalo mimi mpaka leo linanitetemesha. Akiwa amepandwa na pepo, Kinjeketile anatangaza pia kwamba watu wake watakuwa chini ya Seyyid Said, mtawala wa Unguja. Akili inapomrudia anashtuka. Kumfukuza bwana mmoja ili kuingiwa na mwingine? Ni nani hasa aliyesema kwa kinywa chake? Ametumwa, au ametumiwa?

Hilo ndilo swali la mhusika anayeng'amua. Kinjeketile amegundua kwamba huenda ulimwengu ule mwingine una mipango yake, na kwamba yeye ni mlango tu. Lakini neno limeshatoka, watu wameshalishika, na hawezi tena kulirudisha. Anapokamatwa na kutakiwa aseme kwamba maji ni uongo, anakataa, kwa sababu anajua wajao watalihitaji neno lile hata kama maji hayakuzuia risasi. Mjumbe huyu naye anauawa. Hakuna bastola ya mwanga hapo, ndugu zangu, na bado ukiifunga tamthilia hiyo usiku huwezi kulala.

Mfano wa tatu unatoka kwa majirani zetu Wakenya. Katama Mkangi aliwekwa kizuizini na serikali ya nchi yake miaka ya 1980, akatoka, na mwaka 1995 akatoa riwaya iitwayo Walenisi. Dzombo anahukumiwa kifo kwa kusema kweli, anafungiwa katika chombo cha kumpeleka angani akafie huko. Anajifunza kukiendesha. Kinatua katika nchi ambayo watu wake wanaishi kwa usawa, na nchi hiyo inaitwa Walenisi. Litamkeni polepole: wale ni sisi. Katika neno moja Mkangi amemaliza falsafa yote ya malimwengu. Ulimwengu wa pili hauna maana kwetu kwa sababu uko mbali. Una maana kwa sababu waliomo ni sisi tungekuwa, au sisi tulivyokataa kuwa.

Mtaniambia kwamba nachagua vitabu vya siasa tu. Haya, chukueni Nagona (1990) na Mzingile (1991) vya Euphrase Kezilahabi, mwana wa Ukerewe aliyetutoka Januari 2020. Humo wakati na mahali vinavunjikavunjika, msimulizi anapita toka hali hii hadi ile kama anayeota, na hakuna anayempa ramani. Wengi walisema Kezilahabi amekuwa mgumu, siyo yule wa Rosa Mistika tena. Kweli ni mgumu. Lakini hata katika ugumu ule, msimulizi habebwi kama mzigo. Anauliza, anasaka, anachoka, anaendelea. Kwa Kezilahabi kutojua ni kazi ya kufanya, na mhusika anaifanya mwenyewe.

Wekeni hayo yote upande mmoja wa mizani, kisha wekeni upande wa pili kile kitufe cha kufuta kumbukumbu. Mnaona ninachokilalamikia? Kitufe kile mwandishi anakiona ni ufundi mdogo wa kumalizia kisa: mji uliona mambo, kesho inabidi maisha yaendelee, basi wasahaulishwe. Rahisi. Lakini kitendo hicho kina maana kubwa kuliko yeye anavyodhani. Kumfuta kumbukumbu mtu wa Babati ni kumziba Karama mdomo kabla hajapanda kizimbani. Ni kuamua kwamba sisi tunafaa kuwa uwanja wa vita vya wengine, na ikiisha vita tufagiliwe pamoja na vifusi. Na anayebonyeza kitufe mnamwita shujaa! Katika Kusadikika mtu wa aina hiyo angekaa kiti cha Majivuno.

Tusidanganyane, jambo hili lina mizizi. Mwandishi kijana wa mji mdogo amelelewa kuamini kwamba mambo makubwa hutokea kwingine na watu wakubwa hutoka kwingine. Akiandika, analeta wageni, maana hajiamini kwamba jirani yake anatosha kubeba hadithi. Mswada mmoja ulisema kabisa kwamba maajenti wamechagua Babati kwa kuwa ni mji mdogo usio na macho. Nilicheka peke yangu. Babati haina macho? Njia panda ya Arusha, Dodoma na Singida? Hapa mgeni akishuka kwenye basi, bodaboda wanne wamemsoma kabla hajaweka begi chini. Mama ntilie anajua kama umelala vizuri. Mvuvi wa Ziwa Babati anaweza kukuambia kiboko yupi alipita wapi usiku, sembuse watu sita wenye makoti meusi na mwanga mlimani! Mji mdogo ni macho matupu. Kama maajenti wa malimwengu wangetaka kujificha, wangekwenda Kariakoo wakajichanganye.

Kisha kuna kitu kingine ambacho hakipo katika filamu yoyote na sisi tunacho bure: mjumbe wa nyumba kumi. Tazameni bahati ya lugha yetu. Aliyepelekwa mbinguni kutoka Kusadikika ni mjumbe, na yule mzee wa mtaani unayepaswa kumpelekea taarifa za mgeni aliyelala kwako naye ni mjumbe. Mfumo wa nyumba kumi ulianza enzi za TANU, na hata baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, bado mtu akigombana na mkewe usiku anasikia, "Twende kwa mjumbe." Basi mpelekeni ajenti wenu kwa mjumbe. Aketi kwenye kigoda, aulizwe: umetoka wapi, umefikia kwa nani, utakaa siku ngapi, umetumwa na nani? Nawaahidi ukurasa huo utakuwa mzuri kuliko vita vyote vya mlimani, kwa sababu ajenti hatakuwa na jibu moja linaloandikika.

Sisemi maneno matupu. Mwaka huu huu umepita mikononi mwetu mswada wa binti mmoja, jina lake silitaji kwa kuwa bado anaufanyia kazi. Mama anauza samaki karibu na soko. Asubuhi mwanamume ananunua perege watatu. Jioni mwanamume yule yule anarudi kununua perege watatu, ila sasa ana kovu kuukuu shavuni, kovu la miaka, na hakumbuki kwamba alikuja asubuhi. Anamlipa sarafu. Mama anaigeuza na kukuta picha ya kiongozi ambaye nchi hii haijawahi kuwa naye, na mwaka ambao bado haujafika. Hapigi kelele. Anaifunga kwenye pindo la khanga, anaendelea kuparua magamba. Siku ya tatu anakwenda kwa mjumbe kutoa taarifa, na mjumbe anafungua daftari la wageni. Jina la yule bwana limeshaandikwa humo, kwa mwandiko wa mama mwenyewe.

Washkaji, nilipofika hapo niliweka karatasi mezani nikatoka nje kupunga upepo. Hakuna kilicholipuka, na bado kila kitu kimelipuka. Yule mama amefutwa kumbukumbu, lakini mkono wake haukufutwa. Kumbe alishawahi kujua, akasahaulishwa, akajua tena. Swali linageuka: itakuwa mara ya ngapi hii?

Kwa bahati mbaya kisa chenyewe baadaye kinaharibika. Yule mwanamume anarudi na kumweleza mama mambo yote kwa kurasa mbili nzima: malimwengu ni mangapi, nani anayalinda, kwa nini Babati. Mama anasikiliza kimya kama mwanafunzi wa darasa la tatu. Dada, mbona umemnyang'anya mhusika wako akili uliyompa mwenyewe? Mama aliyeweza kuficha sarafu siku tatu hawezi kuhadithiwa hivihivi. Angemkatiza. Angemuuliza bei ya perege huko kwao. Angemuuliza kama huko mumewe bado yu hai. Hapo ajenti angelazimika kuchagua kati ya kusema kweli na kubonyeza kitufe, na sisi wasomaji tungeshika roho mkononi. Mswada huo ukirekebishwa sehemu hiyo, mimi nitakuwa wa kwanza kuupigia debe.

Najua jibu litakalokuja. "Bwana mhakiki, watu wamechoka, wanataka burudani, unatuletea Karama na kesi yake." Nawaelewa. Lakini burudani gani inayowazidi Musiba na Mtobwa, ambao watu walisoma kwa kibatari? Nao walijua kwamba msomaji anatweta pale tu anapomjali mtu aliyemo hatarini. Ajenti asiyekufa, asiyeogopa na asiye na kwao hatutii presha. Mama mwenye sarafu kwenye pindo la khanga anatutia. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya starehe peke yake, yule mama anashinda.

Wala sisemi kila hadithi lazima mjumbe afungwe au anyongwe. Inatosha awepo mtu mmoja wa hapa anayejua, na kujua kwake kumgharimu kitu: usingizi, ndoa, kazi, urafiki, au heshima yake mbele ya watu wanaomwona kachanganyikiwa. Mwacheni akumbuke. Kama ni lazima mumfute, basi kibaki kitu: mwandiko, kovu, wimbo asiojua alijifunza wapi, mtoto anayemwita jina ambalo si lake.

Kwa toleo lijalo nitapokea miswada ya malimwengu kama kawaida, na nitaisoma yote. Ila nawaomba jambo moja la vitendo. Kabla hujaileta, mtafute humo ndani mtu wa mtaa wako anayemtazama ajenti usoni na kumuuliza nani kamtuma. Kama hayupo, rudi nyumbani ukaandike upya. Kama yupo, lakini umemnyima sauti, mrudishie. Na kama yupo, amesema, na umeogopa kitakachompata baada ya kusema, hiyo lete hata kama haijaisha. Tutaimalizia kwenye kikao.